Usiku bingwa wa langalanga alipotekwa nyara

Na MWANDISHI WETU

ILIKUWA Jumapili, Februari 23, 1958, katika jiji la Havana, mji mkuu wa Kuba. Saa zilikuwa zinakaribia tatu usiku. Katika ukumbi wa mapokezi wa Hoteli ya Lincoln, mwanamume wa makamo mwenye upara na matege alikuwa amesimama akipiga gumzo na makanika na rafiki zake. Walikuwa wakizungumzia mashindano ya magari ya kesho yake.

Kijana mmoja aliyevaa jaketi la ngozi aliingia, akawakaribia na kuuliza ni nani kati yao aliyekuwa Fangio. Alipoonyeshwa, akachomoa bastola na kumwamuru bingwa huyo amfuate.

Mwanzoni Fangio alidhani ni mzaha. Mmoja wa rafiki zake alipojaribu kufanya ushujaa, kijana yule alimwonya kwamba akisogea tu risasi italia. Hapo ndipo wote walipotambua kwamba mambo si mchezo. Fangio alisindikizwa hadi nje, akaingizwa garini, na gari likatokomea katika giza la Havana.

Kufikia usiku wa manane habari zilikuwa zimeenea dunia nzima. Bingwa wa dunia wa mbio za magari ya langalanga alikuwa ametekwa nyara, na hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa.

Kwa muda wa zaidi ya saa 24 dunia ilimhofia mtu huyo mmoja. Lakini kisa hiki kilipomalizika, bingwa alirudi akiwa mzima, bila hata mkwaruzo. Waliolazwa chini wakiwa maiti walikuwa watu wengine kabisa. Hawa ni raia wa kawaida waliotoka nyumbani mwao siku ya mapumziko kwenda kutazama magari bila kulipa hata senti.

Fangio alikuwa nani?

Juan Manuel Fangio alizaliwa Juni 24, 1911, katika mji mdogo wa Balcarce nchini Argentina. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Aliacha shule mapema akaingia karakana kujifunza ukanika, na ni huko alikoanza kushika usukani. Watu wa kwao walimbandika jina la utani El Chueco, yaani mwenye matege.

Alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima alipokwenda Ulaya kushindana na vijana. Hata hivyo aliwatoa jasho. Alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1951, kisha akautwaa mfululizo 1954, 1955, 1956 na 1957. Rekodi hiyo ya mara tano ilidumu hadi mwaka wa 2003, Mjerumani Michael Schumacher alipoipiku.

Alipotua Havana mwezi huo wa Februari alikuwa na umri wa miaka 46. Hakuwa mgeni mjini. Mwaka uliotangulia, katika mashindano ya kwanza ya Kuba, aliibuka mshindi akiendesha gari aina ya Maserati. Mmarekani Carroll Shelby alikuwa wa pili na Mhispania Alfonso de Portago akawa wa tatu. Kwa hivyo safari hii bingwa alikuwa amerudi kutetea taji lake.

Jiji la anasa, nchi ya machozi

Ili kuelewa kwa nini mtu asiyejihusisha na siasa alitekwa, inafaa tuangalie hali ya Kuba wakati huo.

Mtawala wa nchi alikuwa Jenerali Fulgencio Batista, aliyenyakua madaraka kwa mapinduzi ya kijeshi Machi 10, 1952, kabla ya uchaguzi ambao ulikuwa ukikaribia. Chini yake, Havana iligeuzwa kuwa uwanja wa starehe kwa watalii, hasa kutoka Marekani. Majumba ya kamari yalifunguliwa mchana na usiku. Mnamo Desemba 1957 hoteli kubwa ya Riviera ilifunguliwa kando ya bahari, na nyingine zilikuwa zikijengwa.

Lakini milimani, katika safu za Sierra Maestra mashariki mwa kisiwa, wakili kijana aitwaye Fidel Castro alikuwa akipigana vita vya msituni. Alikuwa amewasili kwa mashua Desemba 1956 akiwa na wenzake. Kwa jumla walikuwa 82. Wengi waliuawa au kukamatwa siku za kwanza, na waliosalia wakajificha milimani.

Kikundi chao kiliitwa Harakati za Julai 26, kwa ukumbusho wa shambulio lao la mwaka wa 1953 dhidi ya kambi ya kijeshi ya Moncada. Kilikuwa na wafuasi wa siri mijini pia. Kiongozi wao jijini Havana alikuwa daktari, Faustino Pérez, ambaye alikuwa miongoni mwa wale 82 wa kwenye mashua.

Batista alitaka dunia iamini kwamba Kuba ni shwari. Mashindano ya magari yalikuwa dawa aliyoitafuta. Madereva mashuhuri wangekuja, waandishi wa habari na wapiga picha wangewafuata, na picha za jiji la kupendeza zingesambaa kote. Tena tarehe yenyewe ilichaguliwa vizuri. Februari 24 ni sikukuu ambayo Wakuba hukumbuka kuanza kwa vita vya kupigania uhuru mwaka wa 1895.

Waasi nao walikuwa na hesabu zao. Iwapo bingwa wa dunia angetoweka usiku wa kuamkia mashindano, waandishi wale wale walioalikwa kusifu utulivu wa Kuba wangelazimika kutangaza kwamba Batista hawezi kumlinda hata mgeni wake mkuu. Wakamkabidhi Oscar Lucero kazi ya kuongoza mpango huo. Sharti lilikuwa moja: Fangio asiguswe hata unywele. Angeumia, lawama yote ingewaangukia wao.

Inasimuliwa kwamba watekaji walikuwa wakimnyemelea pia Mwingereza Stirling Moss, dereva mwingine mashuhuri aliyekuwa mjini. Moss mwenyewe alieleza baadaye kwamba Fangio ndiye aliyemwombea. Aliwaambia wamwache kijana huyo kwa kuwa alikuwa na mkewe kwenye fungate.

Msako jiji zima

Usiku huo Havana haikulala. Polisi na wanajeshi waliweka vizuizi barabarani na kusimamisha magari. Viwanja vya ndege vililindwa. Madereva waliobaki walipewa askari wa kuwalinda kila walikokwenda.

Wakati huo huo, mateka wao alikuwa akihamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine, tatu kwa jumla, humo humo mjini. Waliomteka walimwomba radhi kwa usumbufu, wakampa chakula na mahali pa kulala. Walijaribu pia kumweleza kwa nini wanapigana. Fangio hakuwa mtu wa siasa, lakini aliwasikiliza.

Huko serikalini kulikuwa na swali moja tu la kujibiwa: je, mashindano yaahirishwe? Bingwa mtetezi alikuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Polisi waliotakiwa kulinda umati walikuwa wakimsaka yeye. Mtu mwenye busara angesema ngoja kwanza.

Jibu la Batista lilikuwa kwamba mbio ziendelee. Kuahirisha kungekuwa kukiri kwamba waasi wameshinda.

Mbio katikati ya jiji

Msomaji ambaye amewahi kupunga upepo pale Mama Ngina, Mombasa, anaweza kukisia sura ya Malecón. Ni barabara ndefu inayofuata bahari. Upande mmoja kuna ukuta unaozuia mawimbi, na upande wa pili yamepangana majumba ya kuishi na hoteli. Jioni wapenzi na familia huketi juu ya ukuta huo kutazama jua likitua.

Barabara hiyo ya kila siku, pamoja na mitaa ya karibu, ndiyo iliyofungwa na kugeuzwa kuwa njia ya mashindano. Mzunguko mmoja ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 5.6. Madereva walitakiwa kuuzunguka mara 90, yaani takriban kilomita 500.

Njia ya aina hii ina utamu wake. Mtazamaji hahitaji kusafiri wala kununua tikiti ya bei ghali. Anatoka nyumbani kwa miguu na mtoto begani, anatafuta nafasi, na magari yanampitia karibu kiasi cha kusikia joto la injini. Ndiyo maana siku hiyo umati uliokadiriwa kufika watu 150,000 ulijipanga kando ya Malecón.

Lakini utamu huo una shubiri ndani yake. Uwanja uliojengwa kwa ajili ya mbio huwa na nafasi pana pembeni, ili gari likikosa kona lipunguze mwendo kabla ya kugonga kitu. Barabara ya mjini haina nafasi hiyo. Pembeni kuna ukingo wa njia ya waendao kwa miguu, kisha nguzo za taa, kisha miti, kisha watu. Lami yake imeinuka katikati ili maji ya mvua yatiririke, na jambo hilo huyumbisha gari linalokwenda kasi.

Na magari yenyewe hayakuwa ya kuchezea. Maserati aliyotarajiwa kuendesha Fangio ilikuwa na injini ya lita 4.5 yenye nguvu za farasi zipatazo 400. Ilhali kilichowatenga watazamaji na magari kama hayo, mahali pengi, kilikuwa magunia ya mchanga, marobota ya nyasi kavu na kamba. Mahali pengine hapakuwa na chochote isipokuwa askari aliyewaomba warudi nyuma.

Onyo lilikuwepo

Asije mtu akasema kwamba siku hizo watu hawakujua hatari. Walijua, tena vizuri sana.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Juni 11, 1955, kwenye mashindano ya Le Mans nchini Ufaransa, gari la Mercedes liliruka na kuingia katika umati. Zaidi ya watu 80 waliangamia. Fangio mwenyewe alikuwa akija nyuma tu ya gari hilo na aliponea chupuchupu. Baada ya maafa hayo Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari za kuzunguka uwanja katika ardhi yake.

Kisha, Mei 12, 1957, wakawa ni Waitalia. Katika mashindano ya Mille Miglia yaliyopita katika barabara za kawaida, vijijini na mijini, gurudumu la gari moja lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo. Gari likawafyeka watu waliosimama kando ya njia. Watazamaji tisa walikufa, watano kati yao wakiwa watoto. Dereva na mwenzake walikufa pia. Mbio hizo za kasi hazikufanywa tena.

Dereva huyo alikuwa Alfonso de Portago, yule yule Mhispania aliyemaliza wa tatu mjini Havana miezi mitatu tu kabla ya kifo chake. Kwa hiyo watu wa Havana walikuwa wamemwona kwa macho yao, katika barabara yao. Walioandaa mashindano ya 1958 hawakuwa na haja ya kutabiriwa na mganga. Mfano ulikuwa umepita mlangoni mwao.

Mizunguko sita tu

Jumatatu ikafika. Saa ya kuanza ilipita, na magari yalikuwa bado yamesimama. Ilisubiriwa kwa zaidi ya saa moja, pengine Fangio angepatikana. Hakupatikana. Gari lake likapewa Mfaransa Maurice Trintignant, na bendera ikashuka.

Papo hapo Moss na Mmarekani Masten Gregory, kijana wa miwani, walianza kuoneshana kivumbi mbele, wote wawili wakiendesha Ferrari. Mashabiki walishangilia. Kwa dakika chache ikaonekana kana kwamba Batista amefaulu, na kwamba mbio zingewasahaulisha watu yaliyotokea hotelini.

Lakini kulikuwa na tatizo barabarani. Mafuta ya injini yalikuwa yamemwagika kwenye lami na kuigeuza kuwa utelezi. Wapo walionong'ona kwamba waasi waliyamwaga makusudi. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba yalitoka kwenye gari la Porsche la Roberto Mieres wa Argentina, ambalo mrija wake wa mafuta ulikuwa umepasuka.

Dereva mzoefu akiona mafuta hupunguza mwendo na kupita kwa uangalifu, kwa sababu gurudumu lililopakwa mafuta halishiki lami. Breki hazisaidii kitu, na usukani hugeuka bure. Kwenye mzunguko wa sita, dereva wa Kuba, Armando García Cifuentes, alifika mahali hapo katika Ferrari yake. Gari likamshinda. Likaserereka, likaacha barabara na kuwavamia watu.

Picha za filamu zilizochukuliwa siku hiyo zinatisha hadi leo. Watu wanakimbia huku na huku, wengine wamebeba majeruhi mikononi. Wengi wa walioandika juu ya ajali hiyo wanataja watu saba waliokufa. Waliojeruhiwa walipita 30. Cifuentes mwenyewe aliumia vibaya, lakini alinusurika.

Bendera nyekundu zikapeperushwa, na mbio zikakomea hapo. Katika mizunguko 90 iliyopangwa, ni sita tu iliyokuwa imehesabiwa.

Kulikuwa na kioja kimoja cha mwisho. Gregory, aliyekuwa mbele, alipoona bendera nyekundu alipunguza mwendo karibu na mstari. Moss akaongeza mwendo, akampita na kuvuka wa kwanza. Alieleza kwamba, kwa mujibu wa sheria, bendera hiyo haina maana mpaka ipeperushwe na msimamizi mkuu pale kwenye mstari wa mwisho. Ili kuepusha ugomvi, wawili hao walikubaliana kuchanganya zawadi zao na kugawana sawasawa. Rekodi zinamtaja Moss kuwa mshindi. Sijui kama kuna aliyekuwa na hamu ya kushangilia.

Bingwa arudishwa

Katika nyumba aliyofichwa, Fangio alikuwa amepewa redio afuatilie mashindano. Baada ya ajali aliletewa televisheni, akajionea taarifa za maafa. Hapo alikuwa ni mtu aliyeketi salama katika chumba cha watekaji nyara, akitazama barabara ambayo saa chache awali yeye ndiye aliyehesabiwa kuwa hatarini.

Mbio zilikuwa zimekwisha, hivyo waasi hawakuwa na haja naye tena. Lakini kumrudisha kulikuwa kazi ngumu kuliko kumchukua. Polisi walikuwa wamejaa kila kona. Hofu ya watekaji ilikuwa kwamba askari wa Batista wangewakuta njiani, wafyatue risasi, Fangio auawe katika patashika hiyo, kisha waasi wasingiziwe.

Wakaamua kuwasiliana na ubalozi wa Argentina. Usiku huo, mmoja wa viongozi wa mpango huo, Arnold Rodríguez, alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza Fangio na kumkabidhi kwa maafisa wa nchi yake. Alikuwa amekaa mateka kwa zaidi ya saa 24.

Waandishi walipomzingira, walitarajia kusikia lawama. Badala yake aliwaeleza kwamba alitendewa wema, na kwamba hakuwa na kinyongo. Hakuwa tayari kuwasaidia polisi kuwatambua waliomteka. Miaka ilivyosonga alikuwa akifanya utani kwamba ubingwa wa dunia mara tano haukumpa jina Marekani kama alivyopewa na kutekwa nyara mara moja Kuba.

Kilichofuata

Fangio alistaafu mwaka huo huo, baada ya mashindano ya Ufaransa ya Julai 1958. Tofauti na wenzake wengi waliokufa wakiwa kwenye usukani, yeye alizeeka. Alikuja kuwa rais wa kampuni ya Mercedes-Benz nchini Argentina, na mwaka wa 1981 alirudi Kuba, akakutana na Fidel Castro. Aliaga dunia Julai 17, 1995, akiwa na umri wa miaka 84.

Oscar Lucero hakuyaona matunda ya kazi yake. Alikamatwa na kuuawa mwaka huo huo wa 1958. Batista naye hakudumu. Alfajiri ya Januari 1, 1959, miezi kumi baada ya mbio zile, aliitoroka nchi.

Serikali mpya ilijaribu mashindano tena Februari 1960, na Moss akashinda. Safari hii yalifanywa katika uwanja wa ndege wa kijeshi wa zamani, wala si kwenye Malecón. Hata hivyo mauti hayakukosekana, kwani dereva wa Venezuela, Ettore Chimeri, alikufa wakati wa mazoezi. Baada ya hapo mashindano hayo makubwa yalikoma.

Leo, ukiingia Hoteli ya Lincoln utakuta bamba la ukumbusho linaloeleza jinsi Fangio alivyochukuliwa. Mnamo 1999 ilitolewa filamu kuhusu mkasa huo, Operación Fangio. Kisa kimekuwa hadithi tamu ya kusimuliwa, yenye bastola, bingwa mpole na vijana wenye nidhamu. Wale waliokufa kando ya barabara hutajwa katika sentensi moja, na mara nyingi kwa hesabu tu, bila majina.

Je, ajali haina kinga?

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Batista alitaka kuonyesha kwamba anatawala. Waasi walitaka kuonyesha kwamba hatawali. Kila upande ulikuwa umempangia Fangio usalama wake: serikali ilimtafutia walinzi kwa kuchelewa, na watekaji walimlinda kwa sababu uhai wake ulikuwa na faida kwao. Mama aliyesimama na wanawe nyuma ya kamba pale Malecón hakuwa katika hesabu za mtu yeyote.

Kuna msemo mwingine ambao hutumiwa haraka sana msiba unapotokea, kwamba ajali haina kinga. Ni msemo wa kufariji waliofiwa, na kwa hilo una nafasi yake. Lakini usitumiwe kuwafunika waliozembea. Ajali ya Havana ilikuwa na kinga tele. Mafuta yalipoonekana barabarani, mbio zingeweza kusimamishwa. Umati ungeweza kusogezwa nyuma. Baada ya Guidizzolo, kamba ingeweza kubadilishwa na ukuta. Na kubwa zaidi, mtu angeweza kusema kwamba siku ambayo polisi wote wako kwenye msako si siku ya kuita watu 150,000 barabarani.

Kinga hizo zilikuja baadaye, pole pole, na kila moja ililipiwa kwa damu. Mbio za mijini bado zipo. Monaco imekuwa ikiziandaa tangu 1929, na Singapore ilianza zake za usiku mwaka wa 2008. Lakini siku hizi njia huzungushiwa kuta za zege na vyuma pamoja na nyavu ndefu za waya, na mtazamaji hakubaliwi kusimama mahali ambapo gari linaweza kumfikia. Mafuta yakimwagika, wasimamizi hupeperusha bendera ya onyo mara moja.

Sisi Wakenya tuna mapenzi yetu ya magari. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, miaka minne kabla ya mbio za kwanza za Havana, na tangu iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021 imekuwa ikivuta maelfu hadi Naivasha. Kando ya njia za vumbi huwa kuna vijana waliopanda juu ya miti, wazazi waliobeba watoto, na wengine wanaosogea hatua moja zaidi ili wapate picha nzuri kwa simu.

Kwa mzazi anayekusudia kuipeleka familia yake, wataalamu wa usalama wana ushauri ambao ungewafaa watu wa Malecón. Usisimame upande wa nje wa kona, kwa maana gari likishindwa kukata kona huenda moja kwa moja huko. Tafuta mahali palipoinuka kuliko njia. Usiketi chini, kwa sababu aliyeketi hawezi kuruka kando kwa haraka. Usimpe gari mgongo. Msimamizi akikuomba urudi nyuma, rudi, hata kama jirani yako amekataa.

Na kabla gari la kwanza halijapita, itazame ile kamba iliyo mbele ya mtoto wako, kisha ujiulize inaweza kuzuia nini.